Maonyesho Yetu ni ya Nani?

Leo nataka tuzungumze juu ya maonyesho ya sanaa kijijini. Labda kijijini kwenu maonyesho hayo yapo. Labda yalikuwapo, yakafa. Labda mnafikiri kuyaanzisha baada ya mavuno. Kwa vyovyote vile, shauri hili linakuhusu.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mtu anayetaka kuwaonya wenzake haifai afiche kosa lake.

Mtungi ulionivunjikia

Katika kijiji kimoja nilichoishi tulianzisha maonyesho ya sanaa. Kamati ilikuwa ya watu saba, wote wa kujitolea. Mimi nilichaguliwa kuwa mwandishi, kwa sababu niliweza kusoma na kuandika vizuri. Kazi ya fedha pia nilipewa mimi. Nilijiona mtu mkubwa.

Siku ya maonyesho ilifika. Alfajiri walikuja wafinyanzi. Walikuja wasusi wa mikeka na vikapu. Alikuja mzee mmoja mchonga vinu, miko na vigoda. Walikuja watengenezaji wa ngoma. Mama mmoja mfinyanzi alikuwa ametembea tangu saa tisa ya usiku, yeye na binti yake, na vyungu vichwani. Kwa kuwa alifika wa kwanza, alipanga vyungu vyake chini ya mwembe mkubwa. Hapo palikuwa na kivuli, na kila mpita njia alipita hapo.

Saa tatu asubuhi mwenyekiti wa kamati alikuja mbio. Alisema mgeni rasmi anakuja na watu wengi, hivyo meza kuu itawekwa chini ya mwembe. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa vijiji. Kila aliyetaka kura alitaka kukaa meza kuu. Viti viliongezwa, vikaongezwa tena. Wafinyanzi wakaambiwa wahame, waende juani, nyuma ya choo cha shule.

Mimi nilisaidia kuwahamisha. Nilibeba mtungi wa yule mama kwa haraka, nikajikwaa kwenye mzizi wa mwembe. Mtungi ukaanguka, ukavunjika vipande vipande. Nilimwambia, "Pole, mama, kamati itakulipa."

Mgeni rasmi alifika saa nane mchana. Risala ikasomwa. Hotuba zikafuata, moja baada ya nyingine. Kila aliyesimama alimsifu aliyekaa. Wanunuzi waliotoka mjini walingoja, wakachoka, wakapanda basi lao saa kumi. Yule mama aliuza chungu kimoja tu siku nzima.

Nilipoandika hesabu, sikuweza kuikamilisha. Michango niliipokea bila kutoa stakabadhi. Matumizi niliyaandika kwenye vipande vya karatasi, vingine vikapotea. Fedha zilizobaki hazikutosha hata kulipa mtungi. Sikuiba, lakini sikuweza kuthibitisha kuwa sikuiba. Watu walinung'unika, na walikuwa na haki.

Mwaka uliofuata hakukuwa na maonyesho.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilijua kusoma na kuandika, lakini daftari sikuwa nalo. Elimu isiyotumika ni sawa na jembe lililotundikwa ukutani.

Maonyesho yana faida gani?

Wako watu wanaofikiri kuwa maonyesho ya sanaa ni mchezo tu. Wanasema ni siku ya kupiga ngoma na kunywa pombe, kisha watu warudi mashambani. Hilo si kweli.

Fikiri juu ya mfinyanzi. Anachimba udongo mtoni. Anautwanga, anatoa mawe, anaukanda. Anafinyanga, anaanika kivulini, kisha anachoma kwa kuni na majani. Kazi hiyo huchukua siku nyingi. Akikaa nyumbani kwake kungoja wanunuzi, atapata mmoja mmoja. Mchuuzi atakuja na kumpa bei ya kumwonea, naye atakubali kwa sababu hana njia nyingine. Lakini siku ya maonyesho wanunuzi ni wengi. Mfinyanzi anajua bei ya wenzake. Anaona umbo jipya la chungu, anajifunza. Kijana anayepita anamwona, anauliza, na pengine anataka kufundishwa.

Kwa hiyo maonyesho ni soko, ni shule na ni heshima. Mtu ambaye kazi ya mikono yake ilikuwa haionekani, siku hiyo inaonekana.

Nchi yetu ilitambua jambo hili tangu mapema. Mwaka 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo. Mwaka 1984 ilitungwa sheria ya kuunda Baraza la Sanaa la Taifa. Lakini wizara, chuo na baraza haviwezi kuja kupanga vyungu chini ya mwembe wa kijijini kwenu. Kazi hiyo ni yetu sisi.

Siasa ya kijiji: moto wa jikoni

Baada ya maonyesho yetu kufa, watu wengi walisema, "Siasa ndiyo iliyotuharibia. Tuiondoe siasa kabisa." Mimi nilisema hivyo pia. Sasa naona kuwa tulikosea.

Siasa ni kama moto. Ukiwa jikoni, unapika chakula. Ukipanda kwenye paa, unateketeza nyumba. Huwezi kusema, "Sitaki moto nyumbani kwangu," maana utalala na njaa.

Tazama mahitaji ya maonyesho. Yanahitaji uwanja. Yanahitaji ruhusa. Yanahitaji ulinzi, maji safi na vyoo. Nani anatoa ruhusa ya kutumia uwanja wa kijiji? Ni Serikali ya Kijiji. Nani anapeleka habari wilayani kwa ofisa utamaduni? Ni viongozi wa kijiji. Maonyesho hayawezi kufanyika bila wao.

Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, kijiji kina Mkutano wa Kijiji. Mkutano huo ni wa watu wazima wote wa kijiji, wenye umri wa miaka 18 au zaidi. Kina pia Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa na wanakijiji. Mfinyanzi ni mjumbe wa Mkutano wa Kijiji kama mtu mwingine yeyote. Mwenye duka naye ni mjumbe. Kila mmoja ana kura moja.

Kwa hiyo siasa ya kijiji ni yetu, si ya viongozi peke yao. Inaharibika pale tunapowaachia wachache.

Inaharibu maonyesho kwa njia zipi? Mimi nimeona njia nne.

Ya kwanza ni kugeuza maonyesho kuwa mkutano wa kampeni. Viongozi wa vijiji huchaguliwa kila baada ya miaka mitano. Uchaguzi ulifanyika mwaka 2014, ukafanyika mwaka 2019, na tena mwaka 2024. Mwaka wa uchaguzi ukikaribia, watu waliokuwa hawajui njia ya kwenda kwa mfinyanzi wanakumbuka kuwa wanapenda sanaa. Wanataka kushika kipaza sauti. Maonyesho yanakuwa yao.

Ya pili ni ubaguzi wa vyama. Tangu mwaka 1992 nchi yetu ina vyama vingi. Kila mtu ana haki ya kuchagua chama anachokipenda. Lakini chungu hakina chama. Mkeka hauna kadi. Kamati ikianza kuuliza, "Huyu ni wa upande gani?" kabla ya kumpa mtu nafasi uwanjani, maonyesho yamekwisha hata kama watu bado wamesimama.

Ya tatu ni undugu. Nafasi nzuri za uwanja wanapewa shemeji na binamu wa viongozi. Aliyetoka mbali na hana ndugu anasukumwa pembeni.

Ya nne ni ushuru usio na maelezo. Mtu mmoja anapita na kudai fedha, mwingine anapita na kudai tena. Msanii hajui fedha hizo zinakwenda wapi. Mwaka ujao haji.

Mambo yote haya ni mabaya, lakini yote yana dawa.

Ushindani wenye kanuni

Pengine utasema, "Watu wakiwa na pande mbili, hawawezi kufanya jambo pamoja. Fahari wawili hawakai zizi moja." Ngoja nikupeleke Usukumani.

Katika nchi ya Wasukuma kuna vyama viwili vikubwa vya ngoma. Kimoja huitwa Bagika, kingine huitwa Bagalu. Inasimuliwa kuwa vilianza zamani za mababu, kutoka kwa waganga wawili walioshindana. Mmoja aliitwa Ngika, mwingine aliitwa Gumha. Ushindani huo haujaisha mpaka leo. Kila chama kina manju wake, wachezaji wake na wafuasi wake. Mara nyingi mtoto hufuata upande wa wazazi wake.

Hawa wanaendeshaje mashindano yao? Baada ya mavuno, makundi mawili hukutana kwenye uwanja mmoja. Yanacheza wakati mmoja, hili upande huu, lile upande ule. Watazamaji wako huru. Anayependa huku huja huku, anayependa kule hukimbilia kule. Kundi linalovuta watu wengi zaidi ndilo linaloshinda. Ndiyo maana kila kundi hubuni mambo mapya. Wengine hucheza na chatu. Wengine hucheza na majembe, wakionyesha kazi ya shamba. Wengine huleta vinyago na vichekesho. Kule Bujora, karibu na Kisesa katika Mkoa wa Mwanza, ngoma hizi huchezwa kila mwaka katika sherehe za Bulabo, kwenye mwezi wa sita hivi.

Ndugu msomaji, tazama jambo hili vizuri. Hao ni wapinzani. Wanataniana, wanatambiana, kila mmoja anataka kumshinda mwenzake. Hata hivyo ngoma haijafa, imeishi miaka mingi sana. Kwa nini? Kwa sababu wote wamekubali kanuni moja, na kanuni hiyo inaonekana kwa macho ya kila mtu. Mwamuzi ni umma. Hakuna barua ya mkubwa itakayouvuta umati upande usioupenda.

Basi, kutofautiana hakuui maonyesho. Yanakufa pale ambapo kanuni haipo, au ipo lakini inabadilishwa asubuhi ya siku yenyewe. Kule kwetu kanuni ilikuwa kwamba anayefika kwanza anachagua nafasi. Mama mfinyanzi aliifuata. Sisi kamati ndio tuliovunja kanuni kabla ya kuvunja mtungi.

Kujitolea na kuulizwa

Sasa tuje kwa wale wanaojitolea. Maonyesho ya kijiji hayana waajiriwa. Yanasimama kwa migongo ya watu wa kujitolea. Yuko anayefyeka uwanja. Yuko anayechota maji. Yuko anayekwenda wilayani kwa baiskeli kutafuta kibali. Watu hawa ni hazina. Bila wao hakuna maonyesho.

Lakini kujitolea kuna magonjwa yake, na lazima tuyaseme.

Ugonjwa wa kwanza ni kuona kuwa mtu aliyejitolea haulizwi. Mimi niliugua ugonjwa huo. Watu waliponiuliza hesabu, nilikasirika. Nilisema, "Mimi nafanya kazi bure, nanyi mnaniuliza?" Yalikuwa maneno ya kiburi. Kazi nilifanya bure, lakini fedha hazikuwa zangu. Mtu akikubebea mtoto wako bure, bado una haki ya kuuliza mtoto yuko wapi.

Ugonjwa wa pili ni kumwachia mtu mmoja kila kitu. Mara nyingi yuko mtu mmoja mwenye bidii. Yeye ndiye mwenyekiti, yeye mwandishi, yeye mweka hazina. Ufunguo wa stoo uko mfukoni mwake. Majina ya wasanii yako kichwani mwake. Wenzake wanasema, "Mwache, anaweza." Kisha anaugua, au anahama, au anagombana na mwenyekiti wa kijiji. Maonyesho yanaondoka naye.

Hapa tukumbuke habari ya Edward Saidi Tingatinga. Alitoka upande wa Tunduru, kusini mwa nchi yetu, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora picha za wanyama na ndege. Alichora kwenye vipande vya mbao, kwa rangi zile za kupakia baiskeli. Picha zake zilipendwa, na akawafundisha vijana wachache, wengi wao jamaa zake. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa makosa, akafa.

Uchoraji ule ungeweza kufa siku ile, lakini haukufa. Wanafunzi wake waliendelea kuchora pamoja na kuwafundisha wengine. Mwaka 1990 waliunda chama cha ushirika. Leo picha za Tingatinga zinajulikana duniani kote. Mwalimu alipoondoka, kazi ilibaki mikononi mwa watu wengi. Hilo ndilo somo. Mtu mmoja anaweza kuwasha moto, lakini wengi ndio wanaoutunza usizimike.

Ugonjwa wa tatu tunauona sana lakini hatuusemi. Katika kamati nyingi wanawake wanafanya kazi na wanaume wanakaa kwenye viti. Mama anapika, anafagia, anapanga, anabeba. Wakati wa kuamua anaambiwa akalete chai. Lakini nani wanaofinyanga? Katika sehemu nyingi ni wanawake. Nani wanaosuka ukili? Ni wanawake. Wenye maonyesho hasa ni wao. Kamati isiyo na mfinyanzi hata mmoja itaona kuwa kivuli cha mwembe kinafaa meza kuu. Kamati yenye wafinyanzi watatu haitafanya kosa hilo.

Daftari ni ngao

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Usidhani elimu hiyo ni ya kusomea barua tu. Ni silaha ya kulinda mali ya umma.

Chukua daftari la kawaida. Upande mmoja andika fedha zilizoingia. Upande wa pili andika fedha zilizotoka. Huu ni mfano tu:

Fedha zilizoingia
Michango ya wasanii 30, kila mmoja shilingi 2,000: shilingi 60,000
Ada ya wauza chai 8, kila mmoja shilingi 1,000: shilingi 8,000
Jumla: shilingi 68,000

Fedha zilizotoka
Kukodi turubai: shilingi 25,000
Miti na kamba: shilingi 9,000
Maji: shilingi 6,000
Nauli ya mwandishi kwenda wilayani: shilingi 8,000
Jumla: shilingi 48,000

Zilizobaki: shilingi 20,000

Hesabu hii si ngumu. Kila mwanakisomo anaweza kuifanya. Kila anayetoa fedha apewe stakabadhi. Kila fedha inayotoka iwe na saini mbili, ya mweka hazina na ya mwenyekiti. Maonyesho yakiisha, hesabu ibandikwe kwenye mti au kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, ili kila mtu aisome mwenyewe. Kisha isomwe kwa sauti kwenye Mkutano wa Kijiji.

Daftari humlinda mwizi asiibe. Lakini zaidi ya hapo, humlinda mtu mwaminifu asisingiziwe. Mimi ningekuwa na daftari, nisingeitwa mwizi.

Wengine watabisha

Najua wengine watabisha. Watasema, "Bila mgeni rasmi mkubwa, maonyesho hayana hadhi. Mkubwa ndiye analeta msaada." Neno hili lina ukweli. Kiongozi akija, watu wengi huja. Pengine ataona barabara mbaya akaisemea. Pengine atanunua mikeka kumi.

Basi, aalikwe. Aheshimiwe. Apewe maji na kiti kizuri. Lakini apangiwe wakati. Afungue maonyesho saa nne asubuhi. Asipofika, mzee mmoja wa kijiji afungue, kazi iendelee. Hotuba iwe ya dakika kumi. Kisha mgeni asikae mezani, bali atembezwe. Apite kwa mfinyanzi, amwulize udongo unatoka wapi. Apite kwa msusi, amwulize mkeka mmoja huchukua siku ngapi. Anunue kitu. Kiongozi mwema atafurahi, kwa sababu atajifunza mambo ambayo hotuba haziwezi kumfundisha. Kiongozi atakayekasirika kwa kukosa kipaza sauti hakuja kwa ajili ya sanaa.

Wengine watasema, "Mambo ya kamati, kanuni na daftari yanachosha. Sisi tunataka ngoma na furaha." Nami napenda ngoma. Lakini hata ngoma ina mpigo wake. Kila mpigaji akipiga anavyotaka, hakuna atakayecheza.

Wengine watasema, "Mwaka huu tuna ugomvi, tungoje mpaka watu wapatane." Mkingoja watu wote wapatane, mtangoja mpaka wafinyanzi wenu wazeeke na kufa, na ujuzi wao uzikwe pamoja nao. Anzeni na kanuni. Mapatano yatafuata kazi.

Mambo sita ya kufanya

Nayaweka hapa shauri langu kwa ufupi, ili uweze kuyanakili kwenye daftari lako.

1. Kamati ya maonyesho ichaguliwe na wasanii wenyewe, na ithibitishwe na Mkutano wa Kijiji. Nusu ya wajumbe, au zaidi, wawe wasanii.

2. Mtu anayegombea uongozi wa kijiji mwaka huo asiwe mwenyekiti wala mweka hazina wa kamati. Anaweza kusaidia kama mtu mwingine.

3. Kila cheo kiwe na muda wake. Miaka miwili inatosha. Kila mwenye cheo awe na msaidizi anayejifunza kazi.

4. Kanuni za nafasi, za michango na za hotuba ziandikwe mapema. Zisibadilishwe siku ya maonyesho. Bendera na nguo za vyama zibaki nyumbani siku hiyo.

5. Hesabu iandikwe, ibandikwe na isomwe.

6. Wanaojitolea washukuriwe mbele ya watu, kwa majina yao. Wapewe chakula siku ya kazi. Shukrani haina gharama kubwa, lakini asiyeshukuriwa huchoka.

Deni langu

Namaliza kwa yule mama. Baada ya mwaka mmoja nilikwenda kwake. Nilimpelekea bei ya mtungi kutoka mfukoni mwangu. Alizipokea fedha, akazihesabu, akazifunga kwenye pindo la khanga yake. Kisha akaniambia, "Mwanangu, mtungi nilikwisha kufinyanga mwingine. Nilichokosa ni ile siku."

Maneno hayo sijayasahau. Mtungi unaweza kulipwa. Lakini siku ambayo watu wangepita mbele ya kazi yake, wakasimama, wakauliza jina lake, wakanunua, siku hiyo tuliichukua sisi. Tulimpa mtu wa kuomba kura. Fedha zangu hazikuweza kuirudisha.

Ndugu msomaji, Mkutano wa Kijiji hufanywa angalau mara moja kila miezi mitatu. Utakapoitwa, nenda. Usikae nyuma ukinong'ona. Inua mkono, simama, uliza: "Maonyesho yetu ni ya nani? Nani amechagua kamati? Daftari liko wapi?" Uliza kwa adabu, lakini uliza. Usiwe na hofu kwa sababu umejua kusoma juzi tu. Swali lako lina uzito sawa na la mtu mwingine yeyote.

Na siku ya maonyesho ikifika, mwacheni mfinyanzi akae chini ya mwembe.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mama mfinyanzi alihamishwa kutoka chini ya mwembe? Nani alivunja kanuni?
2. Mwandishi anasema siasa ni kama moto. Je, unakubali? Toa mfano kutoka kijiji chenu.
3. Bagika na Bagalu hushindana bila kuua ngoma yao. Tunaweza kujifunza nini kwao?
4. Wanakisomo 24 wametoa mchango wa shilingi 1,500 kila mmoja. Kamati imetumia shilingi 27,000. Zimebaki shilingi ngapi? Andika hesabu hiyo katika daftari lako.
5. Chagueni kamati ya majaribio hapa darasani. Andikeni kanuni tano za maonyesho yenu.